Nichagueje mabuti ya pikipiki yanayokaa vizuri mguuni na yasiyopitisha maji?

Mwendapole

Wakuu, salaam.

Naomba mawazo yenu kuhusu mabuti ya pikipiki, kwa kuwa yale niliyo nayo yamechoka kabisa. Soli imelainika kiasi kwamba nikisimama juu ya vikanyagio kwenye barabara mbovu nahisi chuma chenyewe chini ya unyayo, na ngozi ya mbele imepasuka palepale mguu unapokunjika. Naendesha kila siku, iwe jua iwe mvua, na mara kwa mara nafanya safari ya kutwa nzima ambayo ndani yake mvua inaweza kunyesha asubuhi na jua likawaka mchana. Nataka jozi moja itakayofanya kazi zote mbili, yaani kunilinda nikianguka na kunifikisha nikiwa na soksi kavu.

Ugumu wangu uko kwenye mguu wenyewe. Ni mpana mbele na mwembamba kisiginoni, mgongo wake umeinuka, na wa kulia ni mrefu kidogo kuliko wa kushoto. Kila buti ninalojaribu ama linanibana vidole ama linapwaya nyuma, na wauzaji wote wana jibu lilelile, kwamba ngozi itatanuka. Kuhusu maji napo sijui nimwamini nani, maana karibu kila buti limeandikwa kwamba halipitishi maji, na bado wenzangu wanaoyavaa hufika safari wakikamua soksi. Je, mnapimaje buti kabla ya kulinunua? Niongeze namba moja kwa ajili ya soksi nzito, au nibaki na namba yangu ya kila siku? Na maandishi yale ya kwenye lebo yana maana gani?

---

FundiNgozi

Mkuu Mwendapole, nitaanza na mguu kabla ya maji, kwa sababu buti lisilokukaa halirekebishiki kwa dawa yoyote ya kupaka, ilhali buti linalokukaa sawasawa hata likivuja kidogo zipo njia za kulisaidia. Nashona na kutengeneza viatu, na kwa maoni yangu watu wanaipa namba ya kiatu heshima isiyostahili.

Namba za Ulaya zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani takribani milimita 6.7 kutoka namba moja hadi inayofuata, wakati zile za Uingereza zinapanda kwa theluthi moja ya inchi, ambayo ni karibu milimita 8.5. Ngazi hizo mbili haziwezi kulingana, kwa hiyo jedwali lolote la kubadilisha namba ni la kukadiria tu. Isitoshe, namba hizo zinatokana na urefu wa kalibu ambayo kiatu kimeundwa juu yake, nazo hazikuambii ni nafasi kiasi gani imebaki ndani baada ya kuwekwa bitana, utando wa kuzuia maji na vikombe vya kulinda kifundo. Ukikuta buti lenye kipimo cha Mondopoint, ambacho huandikwa kwa milimita na hutokana na mguu wenyewe, lifuate hilo kuliko namba nyingine yoyote iliyoandikwa pembeni yake.

Pima miguu yako jioni, wakati imekwisha kuvimba kidogo kwa kutwa nzima ya kusimama na kutembea, ukiwa umevaa soksi zilezile utakazoendeshea. Simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta na uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili, kisha weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba bali cha pili. Pima pia upana mahali mguu ulipo mpana zaidi. Fanya hivyo kwa kila mguu, halafu nunua kwa kufuata ule mkubwa. Mguu mdogo unaweza kusaidiwa kwa kuongezewa soli nyembamba ya ndani, lakini mguu mkubwa ukishabanwa hauna wa kuusaidia.

Dukani, kabla hujatia mguu ndani, chomoa soli ya ndani, iweke sakafuni na uikanyage. Ikiwa nyama ya mguu inafurika nje ya ukingo wake, buti hilo ni jembamba kwako, na wala huna haja ya kuendelea. Ikiwa mguu umetulia ndani ya ukingo na mbele ya kidole kirefu imebaki nafasi ya karibu sentimita moja, basi livae. Angalia na kimo cha sehemu ya vidole pia, kwa sababu unapopandisha gia unasukuma juu kwa mgongo wa vidole, na buti lenye paa la chini litakufanya uhisi kila gia kwenye ukucha.

Sasa niguse jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ni kweli ngozi hutanuka, lakini hutanuka kwa upana, haiongezeki urefu. Na buti lenye utando wa kuzuia maji lina kitu kama soksi nyingine iliyoshonwa kati ya ngozi na bitana, ambayo haikutengenezwa ili itanuke. Ukimpelekea fundi alivute kwa nguvu kwenye kifaa cha kutanulia, mishono ya ule utando, ambayo imezibwa kwa utepe, inaweza kuachia, nawe utakuwa umenunua buti la mvua ukaligeuza kuwa la kiangazi. Kwa hiyo mtu anayekuambia “litatanuka” kuhusu buti la aina hiyo, msikilize kwa adabu kisha umwombe alete jingine.

Kisigino chako chembamba ndicho kinachohitaji subira zaidi. Buti jipya gumu litainuka kidogo nyuma unapotembea, na hilo si kosa, maana soli bado haijajifunza kukunjika. Kinachokatazwa ni mguu kuteleza mbele na nyuma ndani ya buti. Panda na ushuke ngazi, kisha simama kwa vidole. Shika buti kwa mikono miwili ujaribu kuligeuza kushoto na kulia huku mguu umetulia: ikiwa buti linazunguka na mguu umebaki pale ulipo, siku ya kuanguka litazunguka hivyohivyo, na vile vikombe vya kifundo havitakuwa mbele ya mfupa vinaoulinda. Papasa kwa nje uone kama mfupa wa kifundo umekaa katikati ya kikombe. Watu wengi wanaoongeza namba moja ili wapate upana huishia na vikombe vilivyosogea kutoka pale mfupa ulipo, na wao wanafurahi kwamba vidole viko huru. Ukihitaji upana, tafuta buti pana. Urefu usiohitaji hautakupa upana wenye faida.

Kwa mgongo wa mguu ulioinuka kama wako, ningekushauri uyaangalie kwanza mabuti yanayofungwa kwa kamba au kwa bizimu, kwa sababu hayo hufunguka hadi chini na unaweza kulegeza pale juu huku ukikaza kifundoni. Buti la zipu ya pembeni lina ujazo uliokwisha kuamuliwa kiwandani; ama unaingia ama huingii.

---

DadaGia

Fundi amemaliza habari ya mguu, nami nitajibu lile la lebo.

Mabuti ya pikipiki yanayouzwa Ulaya kama vifaa vya kinga hupimwa kwa kiwango kinachoitwa EN 13634, na tangu Aprili 2018 yanasimamiwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2016/425 inayohusu vifaa vya kujikinga. Hata ukiwa mbali na Ulaya utakutana na lebo hiyo, kwa kuwa kampuni nyingi hutengeneza mabuti hayohayo kwa ajili ya masoko mengi. Tafuta mchoro mdogo wa mtu aliyepanda pikipiki, kwa kawaida ndani ya ulimi au juu ya bitana, na chini yake utaona tarakimu nne, kila moja ikiwa 1 au 2. Ya kwanza inahusu urefu wa buti kwenda juu. Ya pili ni uvumilivu wake dhidi ya kusuguliwa na barabara. Ya tatu ni uvumilivu dhidi ya kukatwa. Na ya nne ni ugumu wa buti linapobanwa kutoka pembeni, kama pale pikipiki inapoulalia mguu. Tarakimu 2 ni daraja la juu.

Kama ningelazimika kuchagua tarakimu moja ya kutoisamehe, ningechagua ile ya nne. Buti linaweza kuwa na ngozi nene na nzuri lakini likabanwa ubavuni kirahisi, na mifupa ya katikati ya mguu haina uwezo wa kubeba uzito wa pikipiki. Unaweza kujaribu mwenyewe dukani: shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, halafu jaribu kulikamua buti kama nguo iliyofuliwa. Likijipinda bila ubishi, lirudishe kwenye rafu. Kisha libane kwa viganja kutoka kushoto na kulia, pale soli ilipo pana zaidi.

Mwendapole, maji hayamo katika zile tarakimu nne, na hapa ndipo watu wanapojichanganya. Buti linaweza kuwa na alama ya CE, ile ya kutimiza masharti ya Ulaya, na tarakimu 2 mfululizo na bado likapitisha maji, kwa sababu kipimo cha maji ni cha hiari, na buti lililokipita huongezewa herufi WR pembeni. Zipo herufi nyingine za hiari, kama IPA kwa kinga ya kifundo iliyopimwa dhidi ya pigo, IPS kwa kinga ya muundi, FO kwa soli inayostahimili mafuta, na B kwa sehemu ya juu inayopitisha mvuke. Maneno makubwa kwenye boksi kwamba buti halipitishi maji ni maneno ya mtengenezaji, na huenda ni ya kweli. Lakini WR inakuambia kwamba limepelekwa maabara likapimwa. Mimi huanza na lebo, kisha ndipo nasoma boksi.

---

Matone

Wakuu, mimi nimeishi na mvua barabarani kwa muda mrefu, na ningependa kuongeza kwamba WR nayo ina mipaka yake, kwa kuwa maabara hupima buti peke yake, bila suruali na bila mtu aliyekaa juu ya pikipiki kwa mwendo wa barabara kuu.

Njia ambayo maji huitumia zaidi ni mdomo wa buti, na hiyo ndiyo inayolaumiwa kidogo kuliko zote. Unapokaa juu ya pikipiki magoti hukunjika, suruali hupanda, na maji yanayoteremka juu ya paja na muundi yanatafuta mahali pa kuingia. Ikiwa umeichomeka suruali ndani ya buti, basi umeyajengea mfereji. Ikiwa suruali iko nje lakini bitana yake ya ndani imening'inia ikaingia kwenye buti, kitambaa hicho hunyonya maji kutoka juu na kuyashusha polepole, na ile soksi inayochungulia juu ya buti hufanya vivyo hivyo. Baada ya hapo utando hugeuka adui, kwa sababu maji yaliyoingia kwa juu hayana pa kutokea. Kwa hiyo nenda dukani na suruali yako ya mvua, livae buti, kisha ukae kitini kama unavyokaa juu ya pikipiki, magoti yakiwa yamekunjwa hasa, uone kama suruali bado inafunika mdomo wa buti kwa kiasi cha kutosha. Kuna mabuti yenye mdomo mpana ambayo hayawezi kuingia chini ya mguu wa suruali nyembamba, na hapo utakuwa na vifaa viwili vizuri visivyoelewana.

Baada ya mdomo, angalia palipo na zipu au kamba. Zipu yenyewe mara nyingi haizuii maji. Kinachozuia ni ule mkunjo wa ngozi au kitambaa ulio nyuma yake, ulioshonwa pande zote mbili ili uwe ukuta mmoja usiokatika. Fungua zipu yote, ingiza vidole, uvute mkunjo huo nje kama unavyofungua bahasha, ufuate hadi juu. Katika mabuti mengine unafika karibu na mdomo. Katika mengine unaishia katikati ya muundi au hata karibu na kifundo. Pale unapoishia ndipo kina cha buti lako kinapoishia, hata kama ngozi inaendelea juu zaidi. Buti lenye ulimi wa kamba nalo lipimwe hivyohivyo.

Kuhusu utando, unaojulikana zaidi ni Gore-Tex, uliotokana na plastiki ya PTFE ambayo Bob Gore aligundua mwaka 1969 kwamba inaweza kuvutwa kwa ghafla ikawa na matundu madogo mno. Tone la maji ni kubwa, halipiti. Mvuke wa jasho ni mdogo, unapita. Zipo tando nyingine, baadhi hazina matundu kabisa bali husafirisha mvuke kupitia maada yenyewe, mfano Sympatex. Kwa mpanda pikipiki nadhani jina la utando lina uzito mdogo kuliko mahali ulipowekwa. Mara nyingi huwa ni ile soksi ya ndani aliyoitaja Fundi, ambayo huiacha ngozi ya nje inywe maji hadi ishibe. Mguu unabaki mkavu, lakini buti linakuwa zito na la baridi, na mvuke unashindwa kutoka kwa sababu ngozi iliyolowa imeufungia njia. Katika mabuti mengine utando umegandishwa moja kwa moja nyuma ya ngozi ya nje, na hayo hayabebi maji mengi na hukauka upesi.

Mtu asisahau kwamba mvuke hutoka tu ikiwa ndani ya buti kuna joto na unyevu kuliko nje. Siku ya joto kali lenye unyevunyevu, utando wowote unafanya kazi kwa shida. Soksi iliyolowa siku kama hiyo inaweza kuwa imelowa jasho, na kabla ya kumlaumu mtengenezaji ni vema ujue ni maji ya wapi. Jaza buti karatasi laini kavu, liweke kwenye beseni lenye maji yasiyofika pale mkunjo unapoishia, na ulikunje mara nyingi mahali vidole vinapokunjika, kwa maana buti lililotulia huficha mengi. Toa karatasi uiangalie. Ikiwa ni kavu, uvujaji uko juu, au ni jasho lako.

---

Mwendapole

Nawashukuru sana, Fundi, Dada na mkuu Matone. Nimekwenda kujaribu tena nikiwa na karatasi ya vipimo mfukoni, na kweli soli ya ndani ya buti nililokuwa nalipenda ni nyembamba kuliko mguu wangu, hata kabla ya kulivaa. Nimepata jingine linalofungwa kwa bizimu, pana mbele, lina WR, na kisigino kimetulia. Yapo mambo mawili yananitatiza. Nilipokaa juu ya pikipiki yangu nalo, ncha ya buti haikuingia vizuri chini ya pedali ya gia, ikabidi niinue mguu mzima kutoka kwenye kikanyagio. Tena linafika karibu na goti, na shavu la mguu linabanwa ninapokunja goti. Je, ni bora nitafute buti fupi?

---

DadaGia

Hilo la pedali ya gia lisikutoe kwenye buti linalokukaa. Katika pikipiki nyingi mkono wa pedali umeshikwa kwenye mhimili wenye meno. Unalegeza bolti, unauvuta mkono nje, unaugeuza jino moja kwenda juu na kuurudisha. Kama pedali imeunganishwa kwa fimbo yenye nati mbili, unarekebisha urefu wa fimbo hiyo. Kaza vizuri, kisha ujaribu gia zote pikipiki ikiwa imesimama kabla ya kuingia barabarani. Ukishapandisha pedali hakikisha bado unaweza kuishusha gia bila kuinua kisigino. Upande wa pili angalia pedali ya breki pia, kwa sababu soli nene hukufanya uikanyage bila kujua, na dalili yake ni taa ya nyuma inayowaka muda wote.

Kuhusu shavu la mguu, hapo nitakuwa mkali kidogo. Usinunue buti linalobana msuli ukiwa umekaa, maana safarini utakaa hivyo kwa saa nyingi na ganzi itakupata. Tatizo hili tunalijua sana sisi wanawake, ambao kwa wengi wetu shavu la mguu huanzia chini zaidi, kwa hiyo mdomo wa buti refu huishia palepale penye unene. Kabla hujakimbilia fupi, angalia kama bizimu ya juu ina nafasi ya kusogezwa. Mabuti mengi yana mkanda wenye matundu kadhaa au kipande cha kunyumbuka nyuma. Ikishindikana, buti linaloishia katikati ya muundi linatosha kwa barabara ya lami. Fupi zaidi ya hapo, lile linalofunika kifundo tu, ningelikataa kwa mtu anayesafiri kwenye mvua, kwa sababu alizozieleza Matone: suruali ikipanda kidogo tu, mdomo uko wazi.

---

MzeeLami

Vijana, nawasoma kwa heshima, lakini naona mnautegemea mno utando. Mimi huvaa buti la ngozi nzima isiyo na utando, iliyopakwa mafuta na nta vizuri, na kwenye mkoba nina vifuniko vya mvua vya kuvaa juu yake. Siku za jua mguu wangu unapumua kuliko wenu wote. Siku za mvua navaa vifuniko. Na buti langu soli ikiisha fundi anaibadilisha kwa kushona, jambo ambalo kwenye buti lenye utando huwezi kulifanya kirahisi bila kulitoboa.

---

Matone

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ya siku za jua ina nguvu, na kwa mtu anayeendesha zaidi kwenye joto huenda wewe ndiye uliye sahihi. Ninachokipinga ni vifuniko. Soli za vingi kati yake ni laini na zinateleza kwenye kikanyagio kilicholowa, zaidi sana unaposimamisha pikipiki nzito na mguu ukatua kwenye rangi ya barabarani au mafuta. Vikigusa bomba la moshi vinayeyuka. Na vinahitaji usimame kabla mvua haijaanza, ilhali binadamu hujidanganya kwamba wingu litapita. Anayevitumia achague vyenye soli ngumu iliyozunguka unyayo wote, na avijaribu juu ya buti lake akiwa nyumbani, kwani navyo vina namba zake na zinakorofisha vilevile.

---

FundiNgozi

Mzee Lami, kuhusu kushona soli nakubaliana nawe kabisa. Ila mafuta unayoyasifia yasipakwe kwa wingi kwenye buti lenye utando, kwa kuwa mafuta mazito huziba vinyweleo vya ngozi na kuufanya utando ukose pa kutolea mvuke. Hapo hutumika dawa nyepesi ya kufukuza maji, baada ya kusugua tope kwa brashi laini na maji ya vuguvugu.

Na kwa wote wawili, jinsi ya kukausha ni ileile: chomoa soli ya ndani, fungua zipu au bizimu hadi mwisho, jaza karatasi za magazeti na uzibadilishe zinapolowa, kisha uliweke buti kivulini penye upepo. Moto na jua kali hukausha ngozi ya nje kabla ya ndani, nayo hukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo, tena gundi ya soli hulegea. Nimepokea mabuti mengi yaliyokaushwa kando ya jiko, na hakuna ninaloweza kuyafanyia. Zipu isuguliwe kipande cha mshumaa baada ya kusafishwa mchanga.

---

Mwendapole

Asanteni, na shikamoo Mzee. Nimesogeza mkono wa pedali jino moja kama Dada alivyoelekeza, na sasa ncha inaingia. Swali la mwisho: buti hilohilo lipo pia kwa muuzaji mwingine kwa bei ya chini sana, akisema ni mzigo uliokaa ghalani miaka kadhaa lakini haujavaliwa kamwe. Je, kuna hatari?

---

FundiNgozi

Ipo, na inategemea soli ya kati imetengenezwa kwa nini. Mabuti mengi yana soli ya kati ya poliyurethani, aina ya plastiki, ambayo huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewani, hata likiwa ndani ya boksi. Kwa nje utaona buti jipya linalong'aa, kisha siku chache baada ya kulivaa soli inameguka na kuachana na ngozi. Ghala lenye joto na unyevu huharakisha jambo hilo. Soli ya mpira mtupu haina ugonjwa huu.

Kwa hiyo tafuta kwanza tarehe ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi ipo kwenye lebo ya ndani au imepigwa muhuri chini ya soli. Kisha bonyeza soli ya kati kwa ukucha wa kidole gumba, pembeni, juu kidogo ya mpira wa kukanyagia: nzima hurudi mahali pake mara moja, mbovu hubaki na alama au hutoa ungaunga. Likunje buti mbele kwa nguvu na uangalie kama kuna nyufa nyembamba kwenye mkunjo. Muuzaji akikukataza kulikunja, mwachie buti lake.